Betri Haina Kosa, Tazama Dainamo

Attracta alikuwa anaanika shuka aliposikia breki ya trekta ikiachiwa. Hakugeuka. Alikunja uso tu, akasubiri.

Trekta la kijivu lilianza kuteremka kutoka kilimani nyuma ya nyumba. Malachy, mumewe, alikuwa amekaa juu yake, mikono imeng'ang'ania usukani. Lilipofika karibu na kamba ya nguo, aliachia klachi. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Wingu la moshi mweusi likatua juu ya shuka nyeupe.

"Limewaka!" Malachy alipiga kelele, kana kwamba ni habari mpya.

"Nimeona," Attracta alijibu. "Hata shuka zimeona."

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa hivyo. Trekta lilikuwa la marehemu baba yake Malachy. Stata haikuweza kuzungusha injini kwa sababu betri ilikuwa tupu kila siku. Basi Malachy aliliegesha mteremkoni kila jioni ili kesho yake aliwashe kwa kuliteremsha. Banda la kuku lilihamishwa kupisha njia. Tena injini ikishawaka haikuzimwa mpaka usiku uingie. Malachy alikunywa chai trekta likinguruma. Alipiga soga na mleta barua trekta likinguruma. Dizeli iliteketea bure, na Attracta alishazoea kupayuka hata akiwa jikoni peke yake.

"Ni betri," Malachy alisema. "Nitanunua nyingine."

"Malachy, hiyo ni ya tatu tangu Krismasi!"

"Betri za siku hizi si betri. Ni makopo ya biskuti."

"Yaani duka zima, mbovu zote wanakuwekea wewe?"

"Mimi nina bahati mbaya, mke wangu. Tangu siku ya harusi."

Attracta alimrushia kibanio cha nguo.

"Mwite Dympna alitazame," alisema.

Dympna Gaffney alikuwa jirani yao. Alifanya kazi ya umeme wa magari mjini Longford mpaka alipostaafu. Sasa alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wenye matrekta ya zamani, na hapo ndipo penye taabu.

"Dympna? Atawasimulia klabu nzima!" Malachy alisema. "Baba hakuwahi kuita fundi kwa trekta hili."

"Baba yako alikatwa kidole na feni ya trekta hilo hilo."

Malachy akajifanya hasikii. Injini ilimsaidia.

Siku hiyo haikuwa ya ubishi. Kuni zao zilikuwa bado kinamasini. Kuni hizo ni udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa mfano wa matofali mwezi wa Mei na kuanikwa mpaka ukakauka. Redio ilisema mvua kubwa itaanza jioni na kunyesha wiki nzima. Mwaka jana mvua iliwawahi, nusu ya kuni zikaoza. Mama yake Malachy, Bibi Philomena, alilala na koti majira yote ya baridi, na mwishowe akalazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua. Attracta aliapa kwamba hilo halitatokea tena. Na hapakuwa na trekta jingine la kuwasaidia, kwa sababu matrekta makubwa ya leo ni mazito. Yakiingia kinamasini yanazama mpaka tumboni. La kijivu lilikuwa jepesi, lilipita juu juu.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Walirudi kinamasini wakaanza kujaza tela mara ya pili. Trekta lilinguruma kando yao. Lilikuwa pia linapiga mlio mwembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini Malachy alisema ni mlio wa uzee.

Tela lilipofika nusu, kengele ya kanisa ililia kijijini. Ilikuwa saa sita mchana, saa ya sala ya Malaika wa Bwana. Malachy alinyoosha mkono, akazima injini, akavua kofia, akainamisha kichwa. Baba yake alifanya hivyo kila siku ya maisha yake, na mkono wa Malachy ulifuata mazoea bila kumuuliza mwenyewe.

Kimya kikatanda. Attracta alisikia nyuki.

"Malachy," alisema.

"Shh. Tuko kwenye sala."

"Malachy. Injini."

Malachy alifumbua jicho moja. Akatazama trekta. Akatazama kinamasi, tambarare kushoto, tambarare kulia, tambarare mpaka upeo wa macho. Hapakuwa na mteremko hata wa kuviringisha yai.

"Ee Mungu wangu," alisema, na hiyo haikuwa sala.

Walilisukuma. Buti za Malachy zilizama. Walisukuma tena, tela likiwa limefunguliwa. Trekta lilisogea kidogo likagoma. Mbali, upande wa magharibi, wingu jeusi lilikuwa linajikusanya.

"Unajua nini kinaniudhi?" Attracta alisema, akipangusa tope usoni. "Si sala. Sali utakavyo. Kinachoniudhi ni kwamba nimesema na kusema. Nimesema mpaka kuku wanajua. Nawe unanunua betri!"

"Nilidhani..."

"Usidhani! Mama yako atavaa koti kitandani tena kwa sababu wewe unaogopa kuchekwa!"

Attracta alitoa simu mfukoni, akampigia Dympna.

Dympna aliacha gari lake kwenye barabara ya changarawe, akaja akisukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na betri nzima na mfuko wa spana.

"Mambo, Malachy. Nasikia uliliombea marehemu trekta."

"Cheka umalize," Malachy alisema.

"Nikianza sasa sitamaliza leo."

Aliunganisha betri yake na ile ya trekta, akiwa makini. "Matrekta haya ya zamani, upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi," alieleza. "Magari ya leo ni kinyume chake. Ukikosea, unaunguza vitu."

Injini iliwaka mara moja. Malachy alishangilia, lakini Dympna alimwita aje dashibodini.

"Tazama mita ya chaji. Nimekanyaga mafuta na mshale umelala tu."

"Huo mshale ulikufa zamani."

"Haujafa. Unakwambia ukweli, wewe humsikilizi mtu." Dympna alimgeukia Attracta. "Ni hivi, shoga. Betri ni pipa tu. Inatunza umeme, haitengenezi. Anayelijaza pipa ni dainamo, ile inayozungushwa na mkanda wa feni. Dainamo imekauka. Yeye ananunua mapipa mapya, yanaisha, anayatukana."

"Mapipa matatu!" Attracta alisema. Alihisi damu inampanda kichwani upya.

"Basi tumalizie kuni injini ikiwa hai," Malachy alisema haraka. "Dainamo tutaitazama kesho."

Dympna akainua kidole. "Unasikia huo mlio?"

"Ni uzee."

"Ni bushi ya nyuma ya dainamo, ile pete inayoshika mhimili wake. Imekwisha. Ikikamata, mkanda utakatika. Mkanda huo huo ndio unaozungusha feni na pampu ya maji. Utachemsha injini hapa hapa, na hapo hata mimi sitakusaidia. Zima."

Malachy alizima, safari hii bila kengele.

Dympna alifungua waya za betri kwanza. "Usiguse dainamo kabla ya kufungua betri," alisema. Akafunga uzi mwekundu kwenye waya mmoja wa dainamo ili asizichanganye, akalegeza mkanda, akafungua bolti, akaitoa dainamo. Attracta aliibeba, nzito, chafu, mpaka kwenye gari.

"Nami nifanye nini?" Malachy aliuliza.

"Lile toroli unaliona?" Attracta alimwambia. "Na kuni unaziona? Basi zisogeze barabarani."

Bandani kwa Dympna, dainamo ilifunguliwa juu ya meza. Dympna alitoa vipande viwili vidogo vyeusi, akaviweka kiganjani mwa Attracta. Vilikuwa vifupi kama punje za mahindi.

"Hivi tunaviita kaboni," alisema. "Springi inavisukuma viguse hii shaba inayozunguka, na kupitia hapo umeme unatoka. Vinalika polepole, kama soli ya kiatu. Hivi vyako vimekwisha, havigusi tena. Vipya ni hivi, tazama urefu wake."

Vilikuwa virefu mara tatu. Attracta alisaga meno. "Ni hivi tu? Kitu cha kutia mfukoni mwa mtoto?"

"Ni hivi tu, na bushi."

Dympna aliisafisha ile shaba kwa msasa laini, akakwangua uchafu katika mifereji yake. Aligonga bushi ya zamani ikatoka, akaweka mpya iliyokuwa imelowekwa katika mafuta. Kisha alimwonyesha Attracta tundu dogo nyuma ya dainamo.

"Hapa ni pa kutia mafuta. Matone mawili matatu, mara chache kwa mwaka. Usizidishe, mafuta yakifika kwenye kaboni yanaharibu. Nani aliyatia mara ya mwisho?"

"Marehemu, labda."

"Ndiyo maana."

Walipomaliza, Dympna aliunganisha dainamo na betri iliyokuwa mezani. Ikaanza kuzunguka yenyewe, taratibu, bila mlio.

"Ikizunguka hivi, ni nzima," alisema. "Jaribu mezani kabla ya kuifunga, usije ukaifunga mara mbili."

Waliporudi kinamasini, Malachy alikuwa amelowa jasho na rundo la kuni lilikuwa kando ya barabara. Dympna aliifunga dainamo na kukaza mkanda. Aliubonyeza kwa dole gumba: ukabonyea kiasi cha unene wa kidole, basi. "Ukilegea unateleza," alisema. "Ukikaza mno unakula bushi." Mwisho, kabla ya kufunga ule waya wenye uzi, aliugusisha umeme wa betri kwenye dainamo kwa nukta moja tu. "Dainamo ikitengenezwa inaweza kusahau upande wake wa chanya. Hapo tumeikumbusha."

"Hata mimi ningekumbushwa hivyo ningekumbuka," Malachy alisema.

"Usinipe wazo," Attracta alimwambia.

Injini iliwaka kwa msaada wa betri ya Dympna. Malachy aliongeza mafuta, na mshale wa mita ukainuka. Alikaa akiutazama, mdomo wazi.

"Sema," Attracta alimwambia.

"Ulikuwa sahihi," Malachy alisema kwa sauti ndogo.

"Sikusikia, injini inanguruma."

"ULIKUWA SAHIHI!"

Dympna alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha alipanda telani, akaanza kupokea kuni, na watatu hao hawakupumzika tena. Walipeleka tela baada ya tela. Malachy alizima injini kila walipopakia, akaiwasha tena kwa stata. Hakuna aliyepayuka. Tone la kwanza lilianguka kwenye paji la uso wa Attracta wakati tela la mwisho linaingia bandani. Mpaka wanafunga mlango, mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zote.

Jikoni, Bibi Philomena alikuwa ameshaweka kiti chake karibu na jiko. Attracta alimwaga kikapu cha kuni kavu, akawasha moto. Bibi alinyoosha miguu, akafungua vifungo vya koti lake, akalivua, akampa Malachy akalitundike.

Malachy alilitundika. Alisimama kidogo mlangoni, tope likiwa limemkauka mpaka magotini, akamtazama mkewe.

"Bado una hasira?" aliuliza.

"Ninazo tele," Attracta alisema. "Za kunifikisha mpaka Pasaka. Tia kuni."