Picha ya Gari la Mwalimu

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alishika ndoo na kumsaidia shangazi yake, mwenye biashara ya kuosha magari. Jina hilo walimpachika nyumbani kwa sababu hata chai aliinywa ikiwa bado inaunguza. Binti huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa na hamu ya jambo moja tu: kupiga picha za magari. Kamera ya mama yake alikuwa nayo, kuukuu lakini nzima. Waliokosekana ni wenye magari wa kumwamini.

"Wewe utanikwaruzia rangi," mmoja alimwambia. Mwingine alicheka tu, akapandisha kioo.

Chapuchapu hakukata tamaa. Alilipiga picha gari la shangazi kutoka kila upande. Akajifunza kuchuchumaa ili gari lionekane na kimo chake, na kusubiri jua lipoe ili rangi isimetemete kupita kiasi. Kisha akabandika picha zake ukutani, pale wateja walipoketi kusubiri.

Mteja mmoja, mwalimu mstaafu mwenye gari la zamani la buluu, alizitazama moja moja.

"Nani kapiga hizi?"

"Mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nipigie na langu, nitundike picha sebuleni. Ikinipendeza, nitakupeleka kwa wenzangu wenye magari ya zamani. Tunakutana kila mwezi na hatuna mpiga picha."

Chapuchapu nusura aangushe ndoo kwa furaha. Jioni ileile alipiga picha. Alipoifungua kwenye kompyuta ya shangazi, akaona mlango mmoja umebonyea. Akaanza kuufuta mbonyeo huo, mpaka mlango ukawa laini kama yai.

"Umemuuliza mwenyewe?" shangazi akauliza.

"Shangazi naye! Nani anapenda gari lililobonyea?"

Mwalimu alipopewa picha alitabasamu, kisha tabasamu likayeyuka.

"Gari zuri, lakini si langu."

"Ni lako, Mwalimu. Limetoka hivyohivyo lilivyo." Uongo ulimponyoka kabla hajaufikiria.

Mwalimu alimwongoza hadi kwenye gari, akagusa pale palipobonyea. "Hapa marehemu mke wangu aligonga nguzo ya geti, siku ya kwanza kushika usukani. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mafundi wametaka kupanyoosha, nimekataa. Picha niliitaka kwa ajili ya hapa, mjukuu wangu."

Akamrudishia picha na kufungua mlango aondoke. Chapuchapu aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Angeweza kuisingizia kompyuta, na pengine mzee angeamini.

"Mwalimu, nimekudanganya," akasema. "Nimepafuta mwenyewe. Nilitaka unisifu kwa wenzako. Nisamehe, tafadhali, niruhusu nipige tena."

"Na nikikataa?"

"Nitaumia, lakini bado nitakuwa nimekosa."

Mwalimu alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Haya, lete kamera."

Safari hii Chapuchapu hakuwa na haraka. Alimsikiliza mzee akisimulia habari za mkewe, akasogea ubavuni mpaka mbonyeo ukaonekana vizuri, na Mwalimu akaweka kiganja chake karibu nao. Alipoiona picha hiyo, mzee alitoa leso akajifuta macho.

"Ndilo lenyewe," alisema.

Siku ya mkutano, shangazi alimsindikiza Chapuchapu kwenye uwanja ambako magari ya zamani yalikuwa yamepangwa. Mwalimu alimshika bega mbele ya wenzake. "Huyu ndiye mpiga picha wangu. Akikosea, anakwambia mwenyewe."

Mama mmoja mwenye gari jekundu akawa wa kwanza kumwita. Chapuchapu alimwamkia, akamwomba amweleze kwanza anachokipenda zaidi kwenye gari lake.

Wakiwa njiani kurudi, shangazi alimwambia, "Leo wamekuita watu wanne, na hakuna aliyeuliza kamera yako ni ya aina gani. Kupiga picha utaendelea kujifunza mpaka uzeeke. Lakini mtu akikukabidhi kitu chake, muulize, msikilize, na usimfiche kosa lako. Hapo atakuita tena."

"Nimekuelewa, shangazi," alisema Chapuchapu, naye alikuwa ameelewa kwelikweli.