Siku Tano za Fundi Ruti

"Asilimia thelathini na tatu! Jana uliniambia thelathini na mbili. Kwa hiyo dada, kutwa nzima umepandisha asilimia moja?"

Fauzia alitua hotipoti kwenye kaunta kwa kishindo mpaka kifuniko kikaruka. Ilikuwa siku ya tano. Siku ya tano binti yule wa Igamba, mrefu, nywele kazibana nyuma kwa utepe wa kijani, amekaa kwenye kiti cha Yassir, mbele ya kompyuta ya Yassir, na Yassir mwenyewe kamwinamia begani kama mtu anayesomewa barua.

"Karibu, shemeji," Ruti alijibu bila kugeuka. "Mtandao ndio mvivu."

"Mtandao mvivu, au fundi ndiye hataki kuondoka?"

"Fauzia!" Yassir alikemea.

"Nimeuliza tu, mume wangu. Kuuliza nako kosa?"

Yassir alikuwa mpiga picha. Duka lake lilikuwa Tunduma, hapo karibu na mpaka, mlangoni malori yamejipanga kungoja kuvuka kwenda Zambia. Agosti ile ya 2014 kompyuta yake ilianza kugonga kwa ndani, ko-ko-ko, kama kuku anayedonoa bati. Ruti akaitwa, akasikiliza, akasema diski inakufa. Harusi za watu za miaka saba zilikuwa humo. Dawa ilikuwa moja, kuzipandisha picha zote kwenye ghala la mtandaoni, ili hata kompyuta ikizima moja kwa moja picha zibaki. Kazi ya siku mbili, alisema.

Fauzia habari za fundi huyo alizipata kwa Goodness, rafiki yake muuza simu.

"Shoga, Ruti huyo si ndiye aliyesoma na mumeo Vwawa? Shule nzima ilijua mumeo alimwandikia barua ya mapenzi."

Ndoa ilikuwa na miezi minane tu. Ijumaa, Yassir alipokwenda msikitini akaacha simu yake nyumbani kwenye chaji, Goodness alikuja mbio, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Tokea hapo kila picha na kila video iliyokuwa kwenye simu ya Yassir ikawa inatumwa yenyewe kwenye simu ya Fauzia.

Zikaja. Paspoti saizi, malori, bibi harusi anakata keki, mahindi ya mtu fulani yaliyolala chini kwa upepo. Ruti hayumo hata kivuli. Na kadiri Fauzia alivyokosa kitu, ndivyo roho ilivyozidi kumuuma. Mtu asiye na siri hawi msafi namna hii, alijisemea.

Sasa hapo dukani, simu yake ikalia. Ujumbe wa Goodness: "Leo umeona nini?"

Akajibu haraka: "Bado. Nipo dukani, nimewakalia."

Akavuta kigoda wanachokalia wateja wa paspoti, akakaa, akakunja mikono.

"Tuanze upya," Ruti alimwambia Yassir. "Mtandao una njia mbili. Ya kushusha ni pana, ya kupandisha ni nyembamba. Kama foleni ya hapo nje, lori moja likikaa vibaya, yote yanasimama. Modemu tuliihamishia dirishani kwa sababu bati linazuia mawimbi. Ilikuwa inanasa mnara wa Zambia, nikaifunga kwenye laini ya huku. Programu zote zinazonyonya kwa chini chini nimezizima."

"Sasa nini tena?"

"Alhamisi, nusu siku tu, ilipanda asilimia thelathini. Ijumaa asubuhi hapakuwa na umeme, na tangu uliporudi mchana ikakwama. Ijumaa kulibadilika nini?"

Fauzia alikunjua mikono, akaikunja tena.

"Hakuna," Yassir alisema. "Ijumaa nilikwenda kuswali, nikapitia nyumbani kuchukua simu, nikarudi hapa."

"Basi kuna kitu kingine dukani kinapandisha mizigo kwa njia hii hii. Tuzime kimoja kimoja, tukione."

"Zimeni kompyuta mpumzike!" Fauzia alidakia. "Chakula kinapoa."

"Dakika moja, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Shemeji, shemeji, umeolewa na nani kwetu?"

Ruti alitabasamu tu, jambo lililomuudhi Fauzia kuliko tusi. Akazima printa. Kimya. Akazima simu yake mwenyewe. Hakuna. Akanyoosha mkono.

"Yassir, simu yako."

"Simu ya mtu haishikwishikwi ovyo!" Fauzia alisimama.

Yassir alimtazama mkewe kwa mshangao, akaitoa simu mfukoni, akaizima mwenyewe. Thelathini na tatu ikawa thelathini na nne kabla Ruti hajameza mate.

"Mchawi huyo hapo!" Yassir akacheka. "Kumbe nimembeba mfukoni!"

Aliiwasha tena akampa. Ruti akafungua huku, akafungua kule, kidole kikasimama.

"Humu kuna akaunti nyingine. Inatuma picha zote na video zote, hata zile za harusi za nusu saa nzima. Imeunganishwa Ijumaa, saa saba na dakika kumi. Na jina lake..."

Hakulitaja. Aliilaza simu kifudifudi mbele ya Yassir, akainuka.

"Soma mwenyewe. Mimi naenda kununua maji."

Yassir alisoma. Kicheko kikamtoka usoni kama taa iliyokatiwa umeme.

"Ijumaa saa saba nilikuwa kwenye swala, Fauzia."

"Yassir..."

"Mimi nasujudu, wewe unanipekua."

"Goodness aliniambia kuhusu barua."

"Ungeniuliza! Ndiyo, nilimwandikia, kidato cha pili. Akamsomea dada yake Marta, wakacheka mpaka machozi. Mapenzi yetu yaliishia hapo." Alivuta pumzi. "Haya, siku zote hizi umechungulia. Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Ukatulia?"

"Sikutulia. Nilipokosa, nikadhani umeficha zaidi."

Nje dereva mmoja alipiga honi, wengine wakamjibu.

"Chukua yangu," Fauzia alisema, akimsukumia simu yake. "Pekua yote, tuwe sawa."

"Sitaki. Siku nitakayoipekua simu yako, siku hiyo sina mke, nina mahabusu. Jambo hili, Fauzia, nikilisema nyumbani, kaka yako Ishaka ataitwa na wazee watakaa kikao. Nikuulize mara moja tu. Unaniamini?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mtamu. Fauzia aliuacha.

"Bado sijaweza. Lakini kuchungulia nimekoma. Hilo naliweza leo."

Akaitoa ile akaunti mbele yake.

Yassir aliitikia kwa kichwa taratibu. "Hilo nalipokea. Ishaka hataitwa."

Ruti alirudi na chupa tatu za maji, akampa Fauzia ya kwanza.

"Dada Ruti, nisamehe."

"Nakusamehe, ila ujue ni wewe uliyenishikilia hapa. Kazi hii ingeisha Jumamosi! Kahawa ya baba inaningoja kichanjani Igamba, anadhani nimepata mchumba Tunduma."

Fauzia alicheka huku analia, akapakua wali, akampakulia Ruti kwanza.

Jioni kompyuta ilifika sabini na tano. Yassir alikohoa.

"Kesho nitamalizia mwenyewe. Ruti si lazima aje."

Fauzia alielewa anayehurumiwa ni nani.

"Aje," alisema. "Fundi ndiye ahakikishe kama picha zinafunguka. Mimi kesho niko Hasamba kwa shangazi Fatu, tunapukuchua mahindi."

Alikwenda kweli. Asubuhi nzima alipukuchua mpaka vidole vikachubuka. Mara tatu mkono ulikwenda kwenye simu, mara tatu akaurudisha kwenye gunzi. Goodness alipiga.

"Shoga, uko shamba na yule mwanamke yuko dukani? Una akili kweli?"

"Ninazo, na leo nazitumia mwenyewe," Fauzia alimjibu, akakata.

Adhuhuri ujumbe uliingia. Wa Yassir.

"Imeisha, zote zinafunguka. Ruti kaondoka saa sita na robo. Umekula?"

Fauzia aliusoma, akapangusa vumbi la mahindi kwenye kioo, akausoma tena.

"Nimekula. Lakini sikukuuliza kaondoka saa ngapi."

Jibu halikukawia.

"Najua. Ndiyo maana nimekuambia."