Wiki Iliyofutwa Kehancha

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Bhoke aligundua kwamba fahali wake wawili hawamo kwenye rejista ya mifugo ya ushirika wa Kehancha. Zizini walikuwa wameibwa Alhamisi. Sasa ni kama hawakuwahi kuzaliwa.

Saa tatu Koplo Lynnet Omanga wa polisi, mzaliwa wa Homa Bay asiye na subira na maneno mengi, alikuwa kwenye ofisi ya ushirika. Bila rejista, hata fahali wakipatikana hawana mwenyewe. Na Bhoke, mjane, hakuwa na kingine cha kulimia, mvua nazo zimeshaanza.

Karani Elvis alikuwa ameshamaliza upelelezi. "Ni Maroa wa kompyuta, afande. Seva, ile mashine kubwa inayohifadhi rejista, imeguswa Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini. Jina ni lake."

"Ijumaa nilikuwa Homa Bay kwa mafunzo ya mfumo mpya!" Maroa alilia kutoka mezani pake.

"Huo mfumo si unaendeshwa hata mtu akiwa mbali?" Lynnet aliuliza.

"Ndiyo," Maroa alisema, akajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Paswadi anayo nani mwingine?"

"Nilimwachia Elvis. Stima ikipotea, mtu awashe mashine."

"Mimi najua kuwasha tu," Elvis alidakia.

Lynnet alimgeukia Bhoke. "Mama, uliandikisha lini?"

"Jumatano. Mbele yangu alikuwa Machuki na ndama wake."

Ndama wa Machuki pia hakuwemo. Maroa alikunja uso. "Basi hakuna aliyefuta jina moja moja. Mfumo huhifadhi nakala ya rejista kila Jumatatu. Mtu anaweza kuirudisha yote vile ilikuwa Jumatatu iliyopita, na yaliyoandikwa baadaye yanapotea."

Kweli wiki nzima ilikuwa tupu, ila mstari mmoja. Lynnet aliusoma polepole: Ijumaa, saa kumi kamili, fahali wawili, sikio la kushoto chale mbili, mwenyewe Elvis.

"Hiyo ni alama ya boma langu," Bhoke alisema.

"Na kabla ya kurudi nyuma, mfumo huuliza kama uhifadhi hali ya sasa," Maroa aliongeza. "Mwizi alikubali tu." Akabonyeza, na jina la Bhoke likarudi kwenye kioo, Jumatano yake.

Elvis aliketi. "Jumamosi nilikuwa napeleka mahari Ntimaru. Baba yake Liz, mchumba wangu, hataki ng'ombe bila cheti cha rejista. Afande, miaka mitatu nimemngoja huyo msichana."

Lynnet alimwonea huruma, lakini si kwa muda mrefu. "Wako kwa zizi la mkwe?"

"Ndiyo. Ukiwatoa mbele ya watu, ndoa imekwisha. Na huko fahali wenye chale ni wengi, utawajua aje?"

Bhoke alikuwa ameshasimama, anakaza leso kiunoni.

"Mimi nitawaita kwa majina," alisema. "Watatoka wenyewe, Liz akiona."