Moshi wa Kuitia Ndege

Bisha.

Bisha sasa hivi umalize, maana Luqman akishaanza hapendi kukatizwa. Pale kijiwe cha bodaboda Viwanja Sitini kila mtu ameshabisha, na kila mtu amerudi kesho yake kusikiliza tena. Atakwambia yeye ndiye mtu pekee Ifakara nzima mwenye ndege. Ndege, siyo picha ya ndege. Mabawa mawili, mkia, viti vinne, usukani. Yeye, aliyeacha shule kidato cha pili! Waliomaliza wako wapi? Wanasukuma baiskeli zisizo na breki.

"Na injini je?" Osward, dereva wa bodaboda na rafiki yake wa tangu utoto, hakosi kumchokoza.

"Injini inakuja. Kwani wewe ulizaliwa na meno?"

"Ungenunua ungo tu, mwanangu. Wenzako wa usiku wanapaa nao na hauli mafuta."

Kijiwe chote kinacheka. Luqman anacheka kuliko wote, kisha anasogeza kofia nyuma na kuendelea.

Ndege yenyewe aliitoa Mchombe, kwa Mzee Nickolaus, mkulima wa mpunga ambaye zamani alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege wa nyasi wa pale kijijini. Iliharibikia hapo, wenyewe wakang'oa injini, wakaondoka, hawakurudi. Mzee akaisukumia nyuma ya nyumba. Kuku wakawa wanatagia kwenye viti. Luqman akampa bajaji yake. Nzima, inayotembea, na kadi juu. Akapewa bati lenye mabawa, akalileta mjini kwenye tela la trekta huku watoto wakilikimbiza.

Watu walimcheka kwa hilo, lakini si kwa muda mrefu. Wote walijua ile bajaji ilibeba nini.

Masika iliyopita mkewe, Jihan, alikuwa kwao Mchombe, amekwenda kujifungulia kwa mama yake kama wanavyofanya wenye mimba ya kwanza. Uchungu ukaja pamoja na mvua. Luqman ndiye aliyempakia. Alizoea kutamba mji mzima, "Bajaji yangu haikimbii, inapaa," na hata siku ile alimwambia mama mkwe asihofu, wataamkia hospitali na mtoto mikononi. Walifika mahali mto umepanda barabarani. Magurudumu yakazama. Alisukuma mpaka viatu vikabaki kwenye tope. Jihan alikuwa nyuma, amejikunja, na alijaribu kutabasamu.

"Si ulisema inapaa?"

Hakusema kingine tena. Yeye na mtoto wake wakazikwa pamoja.

Basi kama ulikuwa unajiuliza mtu mwenye akili anabadilishaje bajaji kwa ndege isiyo na injini, jibu lako ndilo hilo. Hili bati litapaa, Luqman alijiapia, hata kama ni kuvuka mto mara moja tu.

Siku ya kuichukua, Mzee Nickolaus alimvuta pembeni.

"Paka rangi, badili magurudumu, fanya utakalo. Ila usiifukizie moshi wa majani mabichi. Hasa jioni."

"Kwani ina pumu, mzee wangu?"

Mzee hakucheka. "Sisi tulichoma majani mabichi ili rubani aone upepo unaelekea wapi. Wagonjwa wakiona ule moshi, wanajua ndege hii inakuja kuwapeleka hospitali. Walibebwa kwa machela kutoka ng'ambo ya mto. Nikawapima hapo uwanjani kwa mizani ya mpunga, mmoja mmoja, maana ndege ndogo haitaki uzito usioujua." Akatazama lile bati lake. "Wengine hawakuwahi kupimwa. Walifia njiani wakiutazama moshi."

"Sasa?"

"Sasa wakiuona, watakuja."

Luqman alimwambia ahsante, shikamoo nyingi, akaondoka anacheka.

Ndege akaiweka kwenye kiwanja cha baba yake. Akafunga mabawa, akasugua kutu, akashona viti. Karibu na mlango aliweka mizani ya magunia ya dukani kwa baba, ile ya betri yenye namba nyekundu, apimie vyuma vyake. Jioni moja, jua limegusa paa za watu, alikuwa amelala chini ya tumbo la ndege anakaza nati. Mbu wa Ifakara unawajua. Alivumilia, akachoka. Akakusanya majani mabichi ya mpunga, akayawashia moto.

Moshi ukapanda. Mweupe. Mzito.

Ndipo alipokumbuka.

Kuku wa jirani walinyamaza wote kwa pamoja. Pikipiki za barabarani zikawa kama zimefunikwa blanketi. Kisha ikaja harufu... tope la mto, na ndani yake spiriti, ile anayopakwa mtu kabla ya sindano.

Kwich... kwich... kwich...

Miti ya machela. Inalia begani kwa watu.

Mama mmoja alitokea kwenye moshi, mguu wake umefungwa matambara. Nguo zilikuwa zinachuruzika maji, na mvua haijanyesha mwezi mzima.

"Baba," alinong'ona, "tunapimiwa hapa?"

Luqman, bingwa wa maneno, alinyoosha kidole tu kwenye mizani.

Mama akapanda kwenye mizani.

Sifuri.

Akashuka, akaingia ndegeni. Nyuma yake kijana aliyebebwa mgongoni. Sifuri. Mzee anayekohoa bila sauti. Sifuri. Nyuma yao foleni ndefu, imepinda mpaka nje ya kiwanja, kimya, kila mmoja amesimama kwenye dimbwi lake. Viti vinne tu. Waliingia, wakaingia, na ndege haikujaa.

Kisha mlango ukajifunga.

Na injini isiyokuwepo ikawaka.

Upepo ulimwangusha chali. Moshi ukalala chini, nyasi zikalala, mngurumo ukampita juu ya kichwa, ukavuka mapaa kuelekea mtoni... ukaisha. Alipoinua uso, bati lake lilikuwa palepale. Lakini magurudumu aliyoyaosha mchana yalikuwa na tope bichi lililonasa jani la tete la kando ya mto.

"Wakaenda zao," Luqman humalizia, akipiga kofi. "Wote. Nani mwingine Ifakara amesafirisha abiria wengi hivyo kwa siku moja? Nani?"

Hapo kijiwe huguna, mtu akajifanya ana abiria wa kuwahi, wakatawanyika.

Siku moja, wengine wakitawanyika, Osward alimfuata. Alimkuta kiwanjani, jua linazama, anapanga majani mabichi kando ya ndege. Anawasha kiberiti.

"Oya. Si ulisema wameenda wote?"

Luqman aliingiza njiti kwenye majani.

"Unawaita akina nani tena?"

"Siwaiti watu. Naiita ndege irudi."

"Ndege si hiyo hapo?"

"Hilo ni bati, Osward. Ndege iliondoka siku ile."

Moshi ulianza kupanda. Luqman alikaa chini, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu wakiwa wadogo Osward alimsikia akiongea bila kutamba.

"Kuna kipande huwa nakiruka. Wa mwisho kwenye ile foleni alikuwa Jihan."

Osward alisogea karibu.

"Kanga ileile. Tope mpaka magotini. Akaniangalia, akatabasamu, akasema, 'Kumbe inapaa kweli.' Nikamshika upindo wa kanga. Sikufikiri, kaka, mkono ulikwenda wenyewe. Akapanda kwenye mizani, nami bado nimemshika. Wenzake wote sifuri. Yeye ikasoma kilo tatu. Nikajiambia, ana uzito! Bado yupo! Hawa wamekufa, wangu hajafa kabisa. Nikakaza mkono."

"Luqman..."

"Akaniambia niachie, inaondoka. Akaniambia mara ya pili, analia. Ndani wakawa wanamsubiri. Mlango ukajifunga taratibu sana, kama unanipa nafasi. Nikaimaliza ile nafasi nimeshika kanga."

Akapangusa uso kwa kofia.

"Nilirudi Mchombe kumuuliza mzee. Akaniuliza, mkono wako ulikuwa wapi alipopanda? Nikamwambia. Akautazama ule mkono. Kisha akasema, 'Mizani haikumsoma mke wako, mwanangu. Ilisoma mkono wako.'"

Pikipiki za barabarani zilikuwa zimefifia. Osward aliona amesikia harufu ya tope, akajiambia ni ya mtaro.

"Sasa muache," alinong'ona. "Kama yupo, muache aende."

"Aende na nini? Kila jioni nachoma, na kila jioni anakuja peke yake. Anasimama anatazama juu. Haiji."

Mizani ikalia, tii.

Hakukuwa na mtu juu yake. Namba nyekundu zilihangaika kidogo, zikatulia.

Tatu.

Osward alirudi nyuma hatua, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagota kwenye bawa. Macho yake yalitoka kwenye mizani, yakafuata hewa tupu, yakaishia kwenye mkono wa kulia wa Luqman. Ulikuwa umenyooshwa mbele, ngumi imefumbwa, vidole vimekuwa vyeupe kwa kukaza.

Kati ya vidole, maji yalikuwa yanadondoka.

"Nimekudanganya tena," Luqman alisema, bila kuutazama ule mkono. "Si kwamba haiji. Jana ilikuja, mlango ukafunguka. Na juzi pia. Mkono ndio haukufunguka."