Suruali ya Jado

Kila akitoka shule, Umuhire alipitia kwa fundi Sulaiman, karibu na soko la Gisenyi, kumsalimia. Jumatano hiyo alifika na karatasi mkononi, kichwa juu. Ilikuwa na vipimo vya suruali kumi na mbili za kikundi cha ngoma, kitakachocheza Jumamosi mbele ya wazazi. Kitambaa kilikuwa cha suruali hizo tu, hakuna cha akiba.

Watoto walikuwa wamejaza vipimo kwenye kompyuta ya shule, kila mmoja kadi yake, yenye lebo tatu: jina, kiuno, urefu. Programu ya Umuhire ilipita kadi baada ya kadi, ikavua lebo na kubakiza fungu la thamani tatu, ambalo mwalimu Pascasie aliliita "tuple". Mwalimu alimwambia aijaribu kwanza. Umuhire aliona hiyo ni kazi ya wanaoanza.

Kesho yake, kwa fundi, alimkuta Jado, mmoja wa wachezaji, ameshika suruali mpya, ya kwanza kushonwa, kwa mikono miwili ili isianguke. Iliishia magotini, na kiunoni mbuzi angeingia naye bila kubanana.

"Fundi haoni," Jado alinung'unika.

"Mi nilifuata karatasi," Sulaiman alisema. "Iliandika Jado, tisini, sitini: kiuno, kisha urefu. Nikasema, bon, huyu mutoto anakula muzuri." Kisha akavua miwani. "Ao labda macho yangu imeisha. Labda niache kazi."

Umuhire aliitazama karatasi, akakumbuka kadi ya Jado, akaona haya. Angeweza kunyamaza, na lawama ingebaki kwa mzee.

"Papa Sulaiman, kosa ni langu. Jado, kama wengine kadhaa, alijaza urefu kabla ya kiuno. Programu yangu ilichukua namba jinsi ilivyozikuta."

Alirudi shuleni mbio. Safari hii aliiagiza programu iite kila thamani kwa lebo yake: jina, halafu kiuno, halafu urefu, hata kama mtoto amejaza kinyumenyume. Akaijaribu kwa kadi ya Jado kwanza, kisha akampelekea fundi karatasi mpya.

Fundi alishona zile kumi na moja zilizobaki sawasawa. Ya Jado aliipunguza kiuno, akaunga miguu kwa kitambaa kilichotoka kiunoni. Jumamosi, wenzake wote walitaka mishono ya magotini kama yake.

"Ukivua vitu majina," Sulaiman alimwambia Umuhire, "kwanza pangia kila kimoja nafasi yake. Na ukikosea, sema mapema. Juzi ungenyamaza, leo watoto kadhaa wangecheza ngoma wakishika suruali."