Gari la Maharusi Lisilo na Swichi

Jumamosi ile mtaa wa Kikula, mjini Likasi, uliamka kwa amani. Gaston alikuwa uani akiling'arisha gari jeupe aliloachiwa na marehemu baba yake, gari la zamani ambalo mtaa mzima ulipenda kulitumia kubebea maharusi. Binti yake Laure, tayari ndani ya gauni la kumsindikiza bibi harusi, alikuwa akifunga riboni kwenye vioo huku akiimba. Mama yake, Marceline, alisimama mlangoni akiwatazama kwa furaha. Mara akasikia harufu ya petroli, na furaha ikamwisha.

Akainama. Chini ya injini vumbi lilikuwa limelowa.

"Baba Laure, hii mutuka iko navuja esansi. Minye naogopa."

"Mutuka ya zamani inanukaka tu, ni harufu yake."

"Na ile swichi ya Bertin, ingali inafanya kazi?"

Bertin ni fundi, kaka yake Marceline. Alipofunga pampu ya umeme ya kusukuma petroli kwenye gari lile, aliweka na swichi ndogo ya usalama: gari likigonga, swichi inaikata pampu, mafuta hayaendi tena. Kazi nzuri kabisa! Lakini barabara za Kikula mnazijua wenyewe. Kila shimo kubwa, swichi ilidhani ni ajali. Harusi iliyopita gari lilizimika katikati ya msafara, bibi harusi ndani, watu wakacheka wakishika mbavu. Bertin alisema lipelekwe aitengeneze upya. Gaston hakwenda. Alizichomoa nyaya mbili za swichi, akaziunganisha mwenyewe ili pampu isikatike tena, akazizungushia plastiki.

"Niliitoa," akasema bila kumtazama mkewe. "Batu bakianza kucheka, banacheka weye ao minye? Pasta aliombea hii mutuka, akaipaka mafuta. Unaogopa nini tena?"

"Pasta hakukutuma utoe swichi! Na ile mipira ya kupitisha esansi, Bertin alisema imepasuka-pasuka."

"Mama Laure, usiniletee mikosi siku ya ndoa."

Mnaona? Mtu anaambiwa moto, yeye anasikia mikosi.

Marceline alimshika binti yake mkono. "Laure, panda mutuka ingine, mwanangu." Lakini Laure alikuwa amekwisha kukaa mbele, kando ya baba yake, amefurahi mno. Basi Marceline akajibana nyuma, pembeni ya Princesse, bibi harusi. Hakupanda kwa ajili ya harusi. Alipanda asiwe mbali na mtoto wake.

Msafara ukaondoka kwa honi na vigelegele. Marceline hakupiga kigelegele hata kimoja. Kila shimo lilimshtua moyo. Harufu ilizidi, ikamwasha kooni.

"Simama, Baba Laure! Nakuomba, simama!"

Gaston akaongeza honi. Mbele yao mpiga video alikuwa ameketi nyuma ya pikapu, akiwaashiria wasogee, wasogee bado, bibi harusi aonekane vizuri. Gaston akasogea. Pikapu ikafunga breki ghafla.

Paa!

Boneti ikajikunja, injini ikazimika. Pakawa kimya, na katika kimya kile Marceline aliisikia pampu ikiendelea kunguruma, ikimwaga petroli juu ya injini ya moto.

"Zima! Zima pampu!" alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Gaston alikuwa amebutwaa, damu inamtoka kwenye paji. Princesse na Marceline wakavutwa nje na watu, shela likachanika. Moto ukalipuka chini ya boneti. Mlango wa Laure uligoma kufunguka.

"Mama! Mama, miguu!" Laure akalia.

Gaston alipozinduka na kuzungusha ufunguo kuikata pampu, ndimi za moto zilikuwa zimekwisha kuingia chini ya dashibodi. Alimkumbatia binti yake, akamburuta kupitia mlango wake mwenyewe, gauni likiwaka. Wachuuzi wa sokoni wakaja mbio na mchanga.

Laure hakufa. Lakini miguu yake iliungua vibaya, na kila alipobadilishwa bandeji kilio chake kilifika hadi kwenye geti la hospitali. Gaston alikuwa akisimama nje, ameziba masikio. Siku moja akajipa moyo, akaingia.

"Papa," Laure akamwuliza, "ulijua?"

Gaston akamtazama mkewe. Marceline hakumsaidia.

"Nilijua," Gaston akasema.

Laure akageuza uso ukutani.

MAFUNZO

Ndugu zangu wa Likasi mlio na magari ya zamani, harufu ya petroli si uzee wa gari. Ni mafuta yanayovuja, yanangojea cheche. Badilisheni mipira ya mafuta kabla haijapasuka. Swichi ya usalama ikiwasumbua, irudisheni kwa fundi, msiizunguke kwa waya. Ombeni, ndiyo, ombeni sana, halafu mfungue boneti mtazame. Na mke akisema anaogopa, msikilizeni. Wale waliomcheka Gaston walisahau siku ileile. Laure mpaka leo hajaweza kuvaa viatu.