Jina la Mbebaji

Mwanisumbua. Mmeshashiba, badala ya kulala mwataka niwape ya kuwakosesha usingizi. Haya, naisema mara moja tu, na atakayelia atalala uani na kuku.

Mwaka wa mahindi ya manjano, Mambrui kulikuwa na mkunga aitwaye Khamisa. Mwanamke akizaa mikononi mwake hakutoa hata mguno. Alitafuna tende mpaka mtoto akatoka. Wakwe wakamsifu, maana kwao mke akipiga kelele ni aibu ya ukoo. Ila kila mara, nyumba ya pili, Kuluthumu, mke mwenzake Khamisa, alianguka akishika kiuno na kulia kilio cha mzazi. Na Kuluthumu alikuwa tasa.

"Wivu huo," Khamisa akawaambia watu. "Tumbo tupu halikosi vituko."

Wakacheka.

Khamisa alikuwa na jini wa kike. Mzazi alinyweshwa kikombe cha marashi ambacho jini amekionja, kisha Khamisa akanong'ona jina la wa kuubeba uchungu, pamoja na la mamake, kwani majini hawamjui mtu ila kwa mamake. Uchungu hauishi, wajukuu zangu. Huhamishwa.

Kuluthumu aliwabebea wanawake kumi na wanane. Wa kumi na tisa alizaa mapacha. Kuluthumu akafa.

Arubaini yake haijafika, Harusi, binti wa pekee wa Khamisa, akashikwa na uchungu adhuhuri. Khamisa akamnywesha kikombe kwa mazoea, kabla ya kufikiri. Chumba kikanuka marashi yaliyovunda. Mkeka kando ya kitanda ukabonyea, na hakuna aliyekaa.

"Mama, nani huyu anipumuliaye shingoni?"

"Nyamaza, mwanangu. Usigeuke."

"Nani leo?" sauti ikauliza, taratibu, kama mgeni aulizaye njia.

"Zipporah," akanong'ona Khamisa. Huyo alikuwa mke mpya wa mumewe, Mgiriama wa Dabaso.

"Binti nani?"

Khamisa hakulijua. Miezi miwili walichota maji kisima kimoja, na hakumwuliza jina la mamake. Alimwona wa kutumwa tu, hana ukoo wa kuulizwa.

"Amekwisha kunywa," sauti ikasema. "Usiponipa mtu, namtwika yeye uchungu wake na wa wenzake wote."

Na tumbo la Harusi likakakamaa kama jiwe la kusagia, midomo ikageuka jivu, macho yakamtoka, na Khamisa akayapekua majina ya mtaa mzima, huyu mamake hamjui, huyu amemsahau, huyu kesha kufa, mpaka yakabaki mawili tu, la bintiye na lake mwenyewe.

"Khamisa," akasema. "Khamisa binti Mwanakombo."

Harusi akajifungua hata jasho hakutoka.

Khamisa alikwenda kwa mganga akiwa amejikunja kama kamba. Mganga akamtazama, akakizima chetezo. "Jina umelitoa kwa kinywa chako, bibi. Jini ameshapata wake wa kudumu, hata kikombe hakihitaji tena. Nenda nyumbani."

Basi Harusi hakuujua uchungu, na asiyeujua haogopi mimba. Akazaa kila mwaka. Khamisa, kichwa kimejaa mvi, akasukuma siku nzima na hakuna kilichotoka ila damu. Akampigia bintiye magoti: pumzika, mwanangu, nakuomba.

"Mbona, mama?" Harusi akacheka, akipapasa tumbo. "Mimi siumwi."

Mimba ya tano ndiyo iliyomzika Khamisa.